Anko, niko Blender 2.79 na kazi ya mteja iko nusu, nihame au nibaki?

Shikamoo Anko, pole na majukumu. Mimi ni binti, naishi Morogoro, natengeneza katuni za watoto kwa Blender, ile programu ya kompyuta ya kuchora na kuchezesha katuni, kazi hii sijasomea popote, nimejifunza kwa kuangalia video na kujaribu mpaka usiku wa manane. Blender yangu ni 2.79, kuna kaka aliniwekea kwa flashi zamani na tangu hapo sijabadilisha kwa sababu inafanya kila ninachotaka na mikono imeshaizoea, nabonyeza hata bila kuangalia kibodi.

Sasa hivi nina kazi ya mteja, vipindi vifupi vya kuwafundisha watoto kunawa mikono, kuhesabu, kuvuka barabara na vitu kama hivyo. Mhusika ni sungura, nimemtengeneza mwenyewe kuanzia masikio mpaka mkia, mifupa yake nimeiweka kwa Rigify, kile kiongezeo cha Blender cha kuunda mifupa, rangi na vivuli vyake nimevipanga kwenye renda, yaani injini ya kutoa picha za mwisho, ile ya zamani ya Blender yenyewe, siyo Cycles, maana Cycles kwenye mashine yangu unaweza kubandika wali ukaiva ukala na fremu moja bado inatafuta. Vipindi tumeshatoa nusu, mteja amefurahi na ameshasema sungura abaki hivyohivyo alivyo.

Shida imeanza baada ya kumpata kijana wa kunisaidia mandhari. Anajua kweli, anatengeneza nyumba, miti, kisima, vinapendeza, ila yeye anatumia Blender 4.0, akinitumia faili kwangu ama linakataa kufunguka ama linafunguka tupu. Kila siku ananiambia dada wewe bado uko enzi za Mwalimu, hama. Nikajaribu kuweka hilo toleo jipya, nikabofya halikufunguka kabisa, likaleta maandishi ya makosa ambayo sikuyaelewa. Laptopu yangu ni Core i5 ya kizazi cha tatu, ram GB 4, grafiki ni Intel HD 4000, Windows 7.

Yeye anasema suluhisho ni kununua laptopu mpya. Hela hiyo sina, ila mtaani kwetu kuna hawa wa mikopo ya haraka, unarudisha kila wiki, na mama yangu kaniambia nisithubutu kwa sababu ameona majirani wakitolewa makochi nje. Anko naomba unisaidie, nihame au nibaki? Na nikihama sungura wangu atakuwa salama? Na huo mkopo nichukue? Naogopa kupoteza mteja, naogopa pia kubaki nyuma.

Mchora Sungura, Morogoro

ANKO ANAJIBU

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeifurahia kwa sababu umetaja mashine, umetaja toleo na umetaja kazi ilipofikia, na bila hivyo vitu vitatu ningekuwa nakujibu kwa kubahatisha.

Nianze na la mkopo kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza. Usichukue. Mama yako yuko sahihi kabisa na msikilize. Mkopo wa kurudisha kila wiki kwa kazi ambayo mteja analipa kipindi kikikamilika, tena wateja wenyewe unawajua wanavyozungusha malipo, utajikuta unatoa rejesho kwa hela ya chakula cha nyumbani, halafu hiyo laptopu mpya yenyewe haitamaliza hivyo vipindi vilivyobaki, na sababu nakueleza hapa chini. Kausha damu kwa ajili ya programu ambayo ni ya bure, hapana.

La pili, vipindi vilivyobaki vya huyu mteja vimalizie hukohuko kwenye 2.79. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona vijana wengi wazuri wakiharibu kazi hapa, yaani wako katikati ya mradi, rafiki anawaambia apgredi, wanaapgredi, kesho yake mhusika ana rangi tofauti na ya kipindi cha kwanza na mteja anauliza huyu ni nani. Mradi ulioanza na toleo fulani unaisha na toleo hilohilo. Hata studio kubwa ndivyo zinavyofanya, wanachagua toleo mwanzoni wanalifunga mpaka kazi itoke.

Na kwako hatari ni kubwa kuliko kawaida kwa sababu ya mahali ulipo. Ungekuwa unatoka 2.78 kwenda 2.79 nisingekusumbua, ungehama jioni hii. Lakini toleo lililofuata, 2.80, lilitoka Julai 2019, na pale Blender ilijengwa upya karibu yote. Renda unayoitumia wewe, ile ya ndani, Blender Internal, iliondolewa kabisa. Siyo kwamba imefichwa kwenye menyu fulani, haipo. Maana yake ukifungua faili la sungura kwenye 2.80 au chochote cha baada ya hapo, umbo litakuja, mifupa itakuja, miondoko itakuja, ila materiali ulizozipanga kwa ile renda hazibadilishwi zenyewe, utamkuta sungura amekaa pale kijivu kijivu hana sura. Watu wakiona hivyo wanadhani faili limeharibika. Halijaharibika, ila rangi unatakiwa uzijenge upya, na hiyo kazi huifanyi wiki ambayo mteja anasubiri kipindi.

Sasa kuhusu kijana wako wa mandhari. Anajua kazi, lakini kwenye hili la kukuambia hama tu hajaiangalia mashine yako. Blender 4.0 haikufunguka kwako kwa sababu mbili na yoyote kati ya hizo ingetosha. Kwanza Windows 7, Blender ilishaacha kuiunga mkono tangu 2.93 ya mwaka 2021. Pili hiyo HD 4000, kuanzia 4.0 Blender inataka OpenGL 4.3 (OpenGL ni lugha ambayo programu inaongea nayo na kadi ya grafiki) na kadi yako kwenye Windows inaishia 4.0. Hilo la pili halitibiki kwa draiva wala kwa fundi yeyote, kwa hiyo mtu akikuambia leta laptopu nikuwekee 4.0 kwa elfu ishirini usimpe hela yako.

Ila usikate tamaa, kwa sababu kati ya 2.79 na 4.0 kuna matoleo mengi hapo katikati na wewe huhitaji la mwisho, unahitaji la juu kabisa ambalo mashine yako inalibeba. Kwa jinsi ulivyo leo, bila kugusa chochote, matoleo hadi 2.92 yanakubali Windows 7, ila mimi ningekuchagulia 2.83. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kuitwa LTS, yaani lile linalotunzwa kwa miaka miwili kwa kurekebishwa makosa tu, lilitoka Juni 2020, linakubali Windows 7 na linataka OpenGL 3.3 ambayo unayo. Lakini mimi ningependa ufike 3.6, LTS ya Juni 2023, kwa sababu nayo inataka OpenGL 3.3 ileile, na ina faida moja inayokuhusu wewe moja kwa moja, inaweza kufungua mafaili ya 4.0 ya huyo kijana. Baadhi ya mipangilio ya materiali inaweza kupotea njiani lakini nyumba, miti na kisima vitaonekana. Matoleo ya nyuma ya 3.6 hayawezi, muundo wa kuhifadhi maumbo ulibadilishwa.

Ili uendeshe 3.6 unahitaji kutoka Windows 7, na hapa ndipo nitakuomba utumie hela kidogo badala ya ile ya mkopo. Laptopu nyingi za kizazi hicho zina matundu mawili ya ram, zinatumia DDR3, na hizo zinapatikana kwa mafundi wanaouza vipuri vya laptopu za mtumba kwa bei ambayo haifanani hata kidogo na bei ya mashine mpya. Fikisha GB 8, hicho ndicho kiwango cha chini wanachokitaja siku hizi. Ukibakiwa na kitu weka SSD badala ya ile diski inayozunguka, utashangaa ni laptopu ileile. Halafu Windows 10 au Linux Mint. Windows 10 Microsoft waliacha kuipa masasisho ya kawaida Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine ni ya katuni tu na fundi wako anaielewa Linux, mimi ningeenda Mint, Blender inakimbia vizuri huko na haikulii ram nyingi kabla hata hujafungua kitu. Ila kabla hawajaigusa hiyo laptopu, kazi yako yote iwe imenakiliwa kwenye diski ya nje, na hiyo diski ibaki nyumbani, usiende nayo kwa fundi.

Kitu kingine ambacho naona hukukijua, na wengi hawakijui, ni kwamba hulazimiki kufuta 2.79 ili uweke nyingine. Kwenye tovuti ya Blender matoleo yote ya zamani yapo, bure, na kila moja lina zipu. Ukipakua zipu unaifungua kwenye folda lake, unabofya, basi, hakuna kuinstoli. Kila toleo linatunza mipangilio yake pembeni kwa namba yake hivyo hayagombani. Unaweza kuwa na folda la 2.79, la 2.83 na la 3.6 kwenye laptopu moja, asubuhi ukafanya ya mteja kwenye la zamani na jioni ukajifunza kwenye jipya. Kwa hiyo swali lako la nihame au nibaki jibu lake ni kwamba unabaki kwa kazi hii, na unaanza kuhama kwa kazi inayokuja, vyote kwa wakati mmoja. Cha kuzingatia ni kimoja, faili ulilofungua kwenye toleo jipya usilihifadhi juu ya lile la zamani, lipe jina jingine palepale kabla hujagusa kitu, kwa sababu kurudi nyuma ni kugumu.

Sasa tuje kwa sungura mwenyewe maana najua ndiye anayekunyima usingizi.

Usimpeleke 3.6 hivyohivyo. Daraja lake lijenge ukiwa bado ndani ya 2.79, na bahati yako ni kwamba 2.79 ndiyo iliyoleta ile shada (shader, kinachoamua rangi na mng'ao wa kitu) inayoitwa Principled BSDF, ipo humo kwenye Cycles, huenda hujawahi kuifungua kwa sababu Cycles ilikuchosha. Fanya hivi. Nakili faili la sungura, liite sungura_daraja. Kama picha za tekscha umezifungia ndani ya faili, nenda menyu ya File, External Data, zitoe zote zikae kwenye folda nje, maana zile zilizoshikwa na materiali za zamani zinaweza kupotea ukishahifadhi kwenye toleo jipya. Halafu badilisha renda kuwa Cycles, ingia kwenye materiali moja moja, washa nodi (visanduku vya kuunganisha mipangilio ya rangi), weka Principled, ile picha ya manyoya iunganishe kwenye rangi, punguza mng'ao wa specular mpaka asing'ae kama plastiki. Masikio kwa ndani yana pinki yake, macho yana nyeupe na nyeusi, fanya yote, hata ukifanya mbili kwa siku siyo mbaya. Hauhitaji kurenda chochote kwa Cycles, wewe unajenga tu. Hifadhi. Hilo faili ukilifungua kwenye 3.6 rangi zinakuja zilivyo, kwa sababu renda mpya ya EEVEE inasoma nodi hizohizo.

Na EEVEE usiiogope. Siyo Cycles, inafanya kazi kwa kadi ya grafiki kama zinavyofanya gemu, na kwa katuni zenye rangi za wazi kama zako hata HD 4000 itajikongoja mpaka imalize, ukizima vivuli laini na kushusha sampuli kutoka 64 hadi 16 hivi. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyochukua Oscar ya filamu ndefu ya katuni Machi 2025, ilirendiwa kwa EEVEE, kwa hiyo hiyo renda siyo ya kujifunzia tu. Kama unataka ile sura ya kivuli kilichokatwa wazi bila kufifia, kuna nodi inaitwa Shader to RGB, inafanya kazi kwenye EEVEE peke yake, unaiweka baada ya shada, unaifuatisha na Color Ramp, unachagua vivuli viwili vya rangi, basi. Nakuhakikishia utaweza kumkaribia sana sungura wa zamani, na kuna sehemu atapendeza zaidi.

Mifupa. Rigify ina paneli yake pembeni, ile ya kuwasha na kuzima sehemu za mwili na kubadilisha mkono kutoka IK (unauvuta kwa kiganja) kwenda FK (unauzungusha kiungo kwa kiungo). Paneli hiyo ni skripti ya Python iliyokaa ndani ya faili, na kwenye 2.80 lugha ya ndani ya Blender kwa upande wa Python ilibadilishwa, kwa hiyo utegemee isifanye kazi. Mifupa yenyewe na miondoko iko salama, na zile namba za IK na FK hazijaenda popote, zimehifadhiwa kwenye mfupa, chagua mfupa wa mkono uangalie chini kabisa kwenye sehemu ya Custom Properties utaziona. Kama ulitunza ile metarigi ya mwanzo, yaani kiolezo cha mifupa ulichozalishia rigi, kwenye toleo jipya kuna kitufe cha kuiapgredi kisha unazalisha rigi upya, na kwa vipindi vipya mimi ningefanya hivyo, nikaiacha rigi ya zamani kwa ajili ya miondoko ya zamani tu. Zile tabaka ishirini unazozijua zitageuka kuwa makolekisheni yenye majina, hilo utalipenda ndani ya siku mbili.

Kuhusu mikono kuzoea, ni kweli utasumbuka. Kuchagua kitu siku hizi ni kwa kubofya kushoto, spesi haileti tena kutafuta bali inacheza animesheni, kutafuta kumehamia F3. Lakini mara ya kwanza ukifungua inakuuliza kushoto au kulia, chagua kulia kama ulivyozoea, na kwenye mipangilio ya kibodi kuna seti ya 2.7x imewekwa makusudi kwa watu kama wewe. Ushauri wangu lakini, ichukue kwa muda tu, kwa sababu video zote mpya za kujifunzia zinafundisha kwa vitufe vipya na wewe ni mtu wa kujifunza kwa video.

Kwa huyo kijana, leo hii kabla ya ram wala Windows, mwambie mambo mawili. Pale ambapo kamera imetulia, na vipindi vya watoto sehemu kubwa kamera imetulia, asikutumie faili la Blender kabisa, arende mandhari kwa 1920 kwa 1080 akutumie PNG. Wewe unamrenda sungura peke yake, anga ukiweka Transparent, na kule kwenye kihariri cha video cha Blender unaweka picha ya kijana chini na sungura juu kwa Alpha Over. Mashine yako itapumua kwa sababu haibebi miti tena. Pale kamera inapotembea akutumie FBX, aina ya faili la 3D linalosomwa na programu nyingi, 2.79 inaifungua, rangi utazigusagusa kidogo. Na mkifika kwenye kazi mpya naye ashuke aje 3.6 ili wote wawili muwe sehemu moja, kwake haigharimu chochote, na asione kama anarudi nyuma, mandhari anazotengeneza hazihitaji chochote kilichomo kwenye 4.0.

Halafu la umeme, hukuuliza lakini nalisema kwa sababu renda ndefu na umeme wetu tunaujua. Usirende moja kwa moja kuwa video. Renda PNG fremu kwa fremu, kwenye sehemu ya matokeo ondoa tiki ya Overwrite na weka ya Placeholders. Umeme ukikata fremu zilizotoka zipo, ukirudi unaifuta ile moja iliyokatikia katikati, unabonyeza tena na inaendelea na ambazo hazipo. Hiyo iko kwenye 2.79 na iko kwenye 3.6 vilevile.

Ukishamaliza vipindi vya mteja chukua kipande kifupi, mfano kile cha sungura kunawa mikono, ukirende upya kwenye 3.6 na sungura wa daraja, kisha mwonyeshe mteja vyote viwili kabla hamjasaini awamu nyingine. Akikubali sura mpya, bei ya awamu hiyo iwe na hela ya ram ndani yake. Paneli ya rigi ikikusumbua niandikie tena na picha ya skrini yenye maandishi ya makosa yote, mpaka mstari wa mwisho, na uniambie metarigi unayo au huna.